Sauti Kwenye Video ya Mzee

Rafiki yangu fundi wa kompyuta, dunia nzima hakuna faili lililowahi kumshinda. Mpe video iliyokatika vipande elfu, ataiunga mpaka ing'ae kuliko ilipozaliwa. Anayebisha akamuulize mwenyewe, kama atakubali kuizungumzia siku ile.

Alikuja dada mmoja, simu mkononi. Baba yake alifariki yeye akiwa kazini ng'ambo. Kaka yake alimrekodi mzee akisema maneno ya mwisho, akamtumia. Video ameipakua, ameitazama hadi macho yamevimba: mzee kalala tuli, mdomo unacheza, sauti hakuna.

"Kaka fundi, nataka kujua tu kama aliniulizia."

"Dada, simu yako haisomi aina hii ya sauti, basi. Nabadili fomati. Kwangu hii ni kumsukuma mlevi."

Akaibadili kwenye kompyuta, akavuta pazia jua lisipige kioo. Kibanda kikawa giza tii. Spika zikakoroma, kisha ikasikika feni ya chumba cha mgonjwa, kwi, kwi, kwi.

"Binti yangu yuko wapi?" mzee akauliza.

Dada akaangua kilio. "Aliniulizia!"

"Nyamaza, dada. Kuna mtu anamjibu."

Sauti ya kike, karibu kabisa, ikasema polepole: "Niko hapa, baba. Sogea nikae."

Kilio kikakatika. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, na mikwaruzo yake yote.

"Kaka fundi, mimi sikuwepo!"

Kwenye kioo, mzee, yule yule aliyekuwa kalala tuli kwenye simu, akajisogeza ukutani akitabasamu, na godoro pembeni yake likabonyea taratibu.