Betri Haishuki

Nyumba namba mia mbili na kumi na nne ilikuwa inakula umeme saa saba mchana, wakati hakuna mtu ndani.

Si jambo la kumtoa mtu jasho. Watu husahau feni, husahau pasi, wengine husahau hata watoto shuleni. Katika kampuni ile ya kuuza umeme wa jua, kazi ya Mama Chati ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta, kutazama chati za wateja elfu mbili na kumpigia simu yeyote ambaye mstari wake umeleta ujeuri. Jina hilo alipewa na wenzake, na alilipenda. Ila nyumba hiyo ilikuwa ya kwake mwenyewe.

Siku tatu alinyamaza. Siku ya nne uvumilivu ulimwishia. Mume wake alikuwa fundi wa kampuni hiyo hiyo, ana gari la kazi, ana funguo za nyumbani, na mchana hakuna anayejua fundi yuko juu ya paa la nani.

"Leo nitawakuta," alimwambia karani wa meza ya pili.

"Twende wote nikushikie mkoba," karani akasema. Kisha akamtazama vizuri. "Ila wewe dada, unaumwa. Umekwisha."

Ilikuwa kweli. Tangu wafungiwe sola nyumbani, wiki tatu sasa, nguo zilikuwa zinampwaya, nywele zilibaki kwenye kitana, na kila ikifika saa saba mikono ilimpoa mpaka kwenye viwiko akasinzia mezani. Mama mkwe wake, aliyelala kitandani miaka miwili, wiki hizo hizo tatu alikuwa ameinuka na sasa anafua nguo zake mwenyewe. Familia nzima ilishangilia. Mama Chati alishangilia kuliko wote, maana ndiye aliyekuwa akienda kwake kumwogesha na kumlisha.

Alifungua mlango wa nyumba yake polepole, akisikiliza. Hakukuta viatu vya mwanamke mlangoni wala vikombe viwili mezani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vile vile alivyokiacha asubuhi. Feni imesimama, televisheni imezimwa, pasi iko kabatini na waya wake umezungushwa.

Kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua.

Alimpigia karani aliyebaki ofisini. "Niangalizie chati yangu."

"Wati mia tatu. Umewasha nini?"

"Sijawasha kitu."

"Imefika mia nne. Tangu umeingia inapanda." Karani akashusha sauti. "Na kuna kitu sikielewi. Mzigo unapanda, lakini betri haishuki. Imejaa pomoni."

"Haiwezekani. Umeme lazima utoke mahali."

"Ndiyo nakuuliza wewe. Dada, mbona unahema hivyo?"

Alikwenda kwenye kabati la betri ukumbini, akashika swichi kubwa akaizima, na karani akasema bado, mia tano, akazima na ile ya pembeni, na karani akasema bado, mia sita, na hapo ndipo aliposikia, nyuma ya mlango wa kabati, sauti ndogo kama ya mtu anayenyonya mfupa, ananyonya, anapumzika, ananyonya tena, na kila ikinyonya vidole vyake vilizidi kuwa baridi, mpaka akajikuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, simu imeanguka mapajani na karani anaita kwa mbali, dada, dada, toka humo ndani.

Alitambaa mpaka nje. Aliporudi ofisini saa tisa karani alikuwa ameshaitafuta namba ya betri kwenye kumbukumbu. Ilianzia kwa mzee mmoja, mteja aliyefariki. Ikahamishiwa kwa mama mkwe, ikakaa miaka miwili. Kisha ikaja kwake, na aliyeihamisha mara zote mbili alikuwa mume wake.

"Fungua rekodi yangu ya makabidhiano," Mama Chati alisema.

Kampuni ilikuwa na utaratibu wake. Mteja anaiwasha swichi kwa mkono wake, kisha anasema kwenye simu, "Nimepokea, nimeridhika," ili baadaye asije akakana. Kabla mteja hajasema, fundi hujaribu laini kwa kuyasema maneno hayo yeye mwenyewe. Mume wake aliyasema mara kumi kwa siku, hata usingizini aliyasema, wakacheka. Lakini siku ya nyumbani kwao hakujaribu. Alimpa simu moja kwa moja: "Sema wewe, mteja ni wewe."

Laini ilikuwa imeanza kurekodi mapema. Walisikia mlango wa kabati, kisha mume wake akinong'ona: "Nimekuletea huyu. Mwache mama." Ikafuata sauti ya Mama Chati mwenyewe, yenye kicheko: "Nimepokea, nimeridhika." Na baada yake, karibu kabisa na simu, sauti laini isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke: "Nami nimempokea."

Karani aliziba mdomo. Mama Chati aliirudia rekodi. Kilichomkata maini hakikuwa sauti ile ya mwisho. Kilikuwa kile kicheko chake.

Jioni alimwekea mume wake rekodi mezani badala ya chakula.

"Nilimfungia mama nikidhani namsaidia," mume wake alisema, macho chini. "Enzi hizo fundi hakuwa anajaribu laini; aliyesema maneno ni yeye. Akaanguka. Mganga akaniambia aliyemo kwenye betri hatoki kwa moshi wala kwa dawa. Anahama tu, mtu mwingine akimpokea kwa mdomo wake."

"Ukaniletea mimi."

"Mama alikuwa anakufa."

"Ungeniuliza."

"Ungekubali?"

"Hutajua," alisema Mama Chati. "Sasa hutajua kamwe."

Mume akamshika mkono. "Nisikilize. Kesho naitoa. Kuna mjane ameomba sola, anaishi peke yake, hana wa kumuulizia. Atasema maneno, wewe utapona. Basi, yameisha."

Aliyasema kama anayepanga safari za gari la kazi. Hapo Mama Chati aliona wazi jinsi na yeye alivyochaguliwa: mume wake alikaa mahali, akawapitia watu wake mmoja mmoja, akafika kwake, akaona huyu anafaa. Miaka tisa ya ndoa. Alilia, na mume akadhani ni kilio cha shukrani.

Asubuhi kulikuwa na betri mbili kwenye gari, zinafanana kama mayai. Moja mpya, ya mteja mmoja kinyozi. Nyingine ile ya nyumbani kwao, ya kupelekwa kwa mjane. Fundi hutambua kwa stika ya namba tu, na stika za kampuni huchapishwa na Mama Chati. Mume wake alipokuwa anaoga, alizibandua zote mbili, akazibadilisha.

Saa nne laini ya makabidhiano iliita kwenye spika za masikioni mwake. Ilikuwa kwa kinyozi. Mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma nyuma. Swichi ikalia. Kisha mume wake, kwa uchangamfu wa kila siku, akajaribu laini: "Nimepokea, nimeridhika."

Mashine ikanyamaza.

"Nami nimempokea."

Joto lilimrudia Mama Chati vidoleni, taratibu, likapanda viwikoni mpaka mabegani. Upande wa pili mume wake, anayejua laini ile inaishia kwenye meza ya nani, akasema kwa sauti ndogo, "Mke wangu?"

Alivua spika akaziweka mezani.

Siku ya tisa simu ya ofisi iliita. Alikuwa mama mkwe. Alishukuru kwanza, kama kawaida yake, kwa miaka ile miwili ya kuogeshwa na kulishwa. Kisha akasema mwanawe amekuja kwake akiwa ameshikiliwa na watu wawili, hawezi kusimama, nywele zinatoka, na amemweleza yote. Kwenye gari wameileta ile betri ya kwa kinyozi.

"Wewe mwanangu sikulaumu," alisema bibi yule. "Mimi nimeshaishi. Hebu niunganishie ile laini, niseme yale maneno, nimtue."

Mama Chati alitazama saa. Ilikuwa saba kasoro dakika moja. Hakuwahi kumdanganya mama mkwe wake tangu aolewe.

"Laini ni mbovu leo, mama," alisema.

"Na kesho?"

"Na kesho."

Alikata simu, akageukia kompyuta. Mstari wa ile betri, ambayo bado ilikuwa kwa jina la kinyozi, ulianza kupanda. Betri haikushuka.