Jina Ukingoni mwa Nishani

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Jeska alimnywesha bibi yake uji. Bibi Anisia alikuwa amepooza upande wa kushoto, hata kikombe hakuweza kukishika vizuri. Akimaliza kunywa alisema, "Haya, niletee baba." Jeska aliuvuta mkebe wa majani ya chai uliokuwa chini ya kitanda, akafungua kitambaa, akamwekea bibi kiganjani nishani ya fedha iliyokuwa imegeuka nyeusi kwa umri.

Nyumbani kwao Gitega wote walijua kwamba nishani hiyo ilikuwa ya Leonardi, baba yake Bibi Anisia. Leonardi alikuwa mtu wa Giheta. Katika ujana wake alivuka kwenda Tanganyika kutafuta kazi, akaandikishwa katika Keya, jeshi la Waingereza, akapelekwa kupigana Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua kitu. Familia ilipokimbilia Tanzania mwaka 1972, Anisia aliishona nishani ndani ya pindo la kitenge chake. Waliporudi Burundi miaka mingi baadaye, ilirudi vivyo hivyo.

"Baba hakuivaa hata siku moja," Bibi alipenda kusimulia. "Ukimwuliza, anajibu, 'Hii si ya kuvaa mimi.' Mnyenyekevu ajabu yule mtu!"

Muhula huo Mwalimu Josephat, mwalimu wa historia, aliwaagiza wanafunzi wachunguze maisha ya mzee mmoja wa ukoo wao. Jeska aliandika kurasa nne. Pale aliposhindwa kujua, alibuni. Aliandika kwamba Leonardi alivuka mto risasi zikinyesha, huku akiwaokoa wenzake watatu. Insha yake ikachaguliwa isomwe Ijumaa mbele ya wazazi. Bibi alilia kwa furaha. Alimtuma Imelda, mama yake Jeska, awaalike majirani wote pamoja na padri waje nyumbani kusherehekea siku hiyo.

"Jumatano uniletee nishani," Mwalimu Josephat alimwambia Jeska. "Nishani za namna hiyo huchongwa ukingoni jina na namba ya askari. Namba hiyo itatufundisha mengi."

Jumanne mchana Jeska alikaa nyuma ya nyumba, akaisugua nishani kwa majivu na ndimu. Ukingoni herufi zikaanza kujitokeza moja moja. Ilitangulia namba, 16408. Halafu jina. Alilisoma, akaigeuza nishani, akalisoma tena.

Sudi, mwana wa Uthmani.

Leonardi hakuwamo popote.

Akilini aliwaona majirani wakicheka, akamwona na bibi yake aibu imemwinamisha kichwa. Karibu na ukuta palikuwa na tupa ya jirani yao, fundi baiskeli. Jeska aliichukua, akaanza kukwangua. Unga wa fedha ukamwagikia sketi yake. Neno "Uthmani" likatangulia kufutika.

"Jeska!" Bibi aliita kutoka ndani. "Unanoa nini huko?"

"Kisu, Bibi."

"Kinoe vizuri, mjukuu wangu. Ijumaa tunachinja jogoo."

Jeska aliiweka tupa chini. Hakuweza kuendelea, wala hakuweza kuzirudisha herufi zilizokwisha kwenda. Jumatano hakwenda shule, akasema tumbo linamuuma. Alhamisi akasema hivyo hivyo. Alasiri Mwalimu Josephat mwenyewe akaja kumjulia hali, na alipomwona tu, Jeska akaangua kilio, akamweleza yote.

Mwalimu aliushika ukingo uliokwanguliwa.

"Hapa palikuwa na mtu, Jeska," alisema. "Bibi yako lazima ajue, na wa kumwambia ni wewe."

Jeska alipiga magoti kando ya kitanda, akasema. Bibi Anisia hakufoka. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ndogo.

"Basi baba yangu alimwibia maiti?"

Akageuza uso ukutani.

Ijumaa Imelda alisimama mlangoni akiwarudisha majirani mmoja mmoja. Bibi hakula siku hiyo, wala Jumamosi. Jumapili alikunywa maji vijiko viwili, basi. Macho yake yalizama, ngozi ya shavu ikalegea. Jeska alijificha nyuma ya nyumba akijiziba mdomo ili kilio chake kisisikike.

"Mama, Bibi atakufa, na nitakuwa nimemwua mimi," alisema.

"Machozi yako hayatamlisha," Imelda alijibu, ingawa naye alikuwa akijifuta macho kwa pembe ya kitenge. "Tumtafute huyo Sudi. Kama babu yetu alikuwa mwizi, tujue. Kama hakuwa, tujue."

Lakini wangeanzia wapi? Walipokuwa wakishauriana na mwalimu, sauti dhaifu ikatoka kitandani.

"Giteranyi. Nilipokuwa mdogo, baba alikuwa akienda Giteranyi. Akirudi, hasemi na mtu."

Likizo fupi ilipofika, Bibi alikuwa akimeza chakula kidogo kwa kulazimishwa. Alibaki na shangazi yake Jeska, nao Jeska, Imelda na Mwalimu Josephat wakasafiri hadi Muyinga. Mjini walikwenda kuuliza msikitini, kwa kuwa Sudi ni jina la Kiislamu. Walielekezwa kwa Sudi wa kwanza, wakakuta ukoo huo haukuwahi kutoa askari. Wa pili alikuwa askari wa Wabelgiji, si wa Keya. Siku ya pili walifika Giteranyi, wakazunguka njia za miguu tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Kila mlango ulikuwa na jibu moja, kutikisa kichwa. Jeska alianza kuamini kwamba watarudi Gitega mikono mitupu, na kwamba bibi yake atakufa akilitazama lile swali lake ukutani.

Hapo ndipo mwendesha baiskeli mmoja aliposimama mbele yao. "Munatafuta Mzee Uthmani wa Sudi? Mi namujua. Iko kwake, miguu inamusumbua, haendagi mbali."

Walimkuta mzee wa zaidi ya miaka themanini amekaa uani juu ya mkeka. Aliwasikiliza bila kutabasamu.

"Mimi nimezaliwa baba yuko vitani, nikapewa jina la babu yangu," alisema. "Hakurudi. Watu walisema ametoroka jeshini, ameoa huko. Nimekua nikiitwa mwana wa mtoro. Hebu nione hiyo nishani."

Aliipapasa kwa kidole gumba, kidole kikakwama.

"Hapa pana nini?"

Imelda alifungua mdomo, lakini Jeska alimtangulia.

"Palikuwa na jina la Uthmani, mzee. Nililifuta mimi, kwa tupa. Nilitaka nishani iwe ya babu yetu."

Mzee alimkazia macho. "Na sasa nitajuaje kwamba hunidanganyi tena?"

Jeska hakuwa na ushahidi mwingine. "Namba sikuigusa," alinong'ona. "Ni 16408."

Mzee Uthmani alijikongoja ndani. Alikaa huko muda mrefu, mpaka Jeska akadhani amewafungia mlango. Alirudi na karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ilikuwa barua pekee aliyowahi kuituma baba yake kutoka vitani. Mwalimu Josephat aliifungua kwa uangalifu. Juu kabisa, kando ya jina la Sudi, palikuwa na namba ya askari. Akaisoma tarakimu moja moja. Moja, sita, nne, sifuri, nane.

Mzee aliibana nishani kifuani kwa mikono miwili. Mabega yake yakatikisika.

Alipoweza kusema, aliuliza, "Babu yenu aliitwa nani?"

"Leonardi, wa Giheta," Imelda alijibu.

"Leonardi!" Mzee alishtuka. "Ndiye! Ile njaa kubwa ilitufukuza hapa mimi na mama, tukavuka mpaka, tukakaa huko miaka mingi. Tuliporudi, majirani wakatuambia kwamba mara tatu amekuja askari kutoka Giheta. Anasema Sudi amekufa kwa homa kambini, njiani kurudi nyumbani. Anasema ana amana, hataiweka mkononi mwa mtu yeyote isipokuwa mkewe. Watu hawakumwamini, walidhani mtoro amemtuma rafiki. Mama yangu alimwamini. Alimfuata mpaka Giheta, lakini ulikuwa mwaka 1972, akaikuta nyumba tupu."

Imelda alipiga simu nyumbani, akamweleza bibi kwa ufupi, akampa mzee.

"Anisia, mimi mwana wa Sudi. Baba yako hakuiba kitu. Alikuwa akitutafuta sisi."

Sauti ya Bibi ikaja, imekatikakatika.

"Ni kweli alikuja mara tatu?"

"Mara tatu."

"Kwa miguu, kutoka Giheta?"

"Kwa miguu, dada yangu."

Wote waliokuwa uani walimsikia Bibi Anisia akilia, na katikati ya kilio akimshukuru Mungu.

Kabla hawajaondoka, Mwalimu Josephat alisema kwamba anamjua fundi wa kuchonga, angeweza kulirudisha jina lililofutwa. Mzee Uthmani alikataa.

"Acha kovu libaki. Wajukuu wangu wakiniuliza, nitawaambia jina lilivyofutika, na nani alilirudisha." Akamgeukia Jeska. "Binti, ulitaka kumpa babu yako sifa ya mtu mwingine, kumbe yake ilikuwa kubwa kuliko unavyojua. Kulinda amana maisha yako yote, hakuna anayekutazama, hakuna anayekusifu, huo nao ni ushujaa. Uongo wako ulikaribia kumfuta yeye pamoja na baba yangu. Ukweli wako, japo umekuaibisha, umewarudisha wote wawili."

"Naweza kuiandika upya insha yangu, mzee?" Jeska aliuliza.

"Iandike," Mzee Uthmani alijibu. "Na habari ya tupa uiandike pia."