Mke wa Jemadari Hashiki Kisu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ayuma aliteka maji kwenye bomba la ploti yao huko Huruma, akapanda nayo hadi orofa ya tatu, kisha akamsaidia mamake kufunga sufuria za supu. Mama Ayuma aliuza supu ya kichwa na matumbo Kiamaiko, karibu na soko la mbuzi. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha Ayuma na kumvisha sare. Lakini harufu yake haikuogopa sabuni. Ayuma alilijua hilo, na hakuna jambo lililomchoma kama kulisikia kinywani mwa mtu.

Amondi alilijua pia. Walikuwa pamoja Gredi ya Nane, na Amondi alikuwa msichana mwenye akili nyingi na ulimi mtamu. Laiti akili hizo angezitumia kwa mema!

Muhula huo chama cha maigizo kilikuwa kikiandaa tanzia ya zamani, kisa cha mke wa jemadari anayetamani kuwa malkia. Mwanamke huyo hashiki kisu hata siku moja. Kazi yake ni kumnong'oneza mumewe kwamba mfalme, ndugu wa damu wa jemadari huyo, anamdharau. Ananong'ona na kunong'ona mpaka jemadari anapandwa na hasira na kumuua ndugu yake.

Ayuma, kwa sauti yake nzito, alipewa nafasi ya jemadari. Nafasi ya mke, ambayo kila msichana aliimezea mate, ilimwendea Kavinya, rafiki na jirani yake Ayuma. Amondi akabaki kijakazi mwenye maneno manne tu: "Chakula kiko tayari, bibi."

Amondi hakulia wala kununa. Alimvizia Ayuma wakati wa mapumziko.

"Sasa, Ayuma. Kuna kitu nimesikia. Ama wacha tu, sitaki kuleta mambo."

"Sema bwana! Umeshaanza."

"Ni Kavinya. Anasema mkisimama pamoja jukwaani anaziba pumzi. Eti unanuka mbuzi. Eti mamako akipanda ngazi, kwao hufunga mlango."

Damu ilimchemka Ayuma. "Kavinya? Kavinya huyu wetu?"

"Muulize. Lakini si unamjua? Atakataa tu."

Umeona ujanja huo? Hata Ayuma akiuliza, jibu lilikuwa limeshaharibiwa. Basi hakuuliza. Wiki nzima alipishana na Kavinya kwenye ngazi bila kuitikia salamu. Kila alipoosha matumbo alimkumbuka Kavinya, na akayasugua kwa hasira mpaka mamake akamwambia atayatoboa.

Ijumaa, Kavinya aliomba ruhusa mapema kumpeleka mdogo wake kliniki. Jioni Mwalimu Mulama, mlezi wa chama, akamwita Ayuma.

"Mazoezi ya kesho si saa nane tena. Ukumbi wa kanisa utakuwa na harusi mchana, kwa hivyo njooni saa tatu asubuhi. Mnaishi ploti moja na Kavinya, mwambie. Na mnaijua sheria yangu: anayekosa mazoezi bila kutoa habari amepoteza nafasi. Tamasha ni Alhamisi."

"Sawa, Mwalimu."

Amondi alikuwa kando, akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Walipobaki wawili akasema polepole, "Mimi sisemi kitu. Lakini mtu akimtukana mama yangu, naweza kusahau kumpa ujumbe. Kusahau si dhambi."

Ayuma akasahau, kwa makusudi kabisa. Tena uongo haupendi kukaa peke yake. Kwa kuwa mamake angeweza kumtajia Kavinya mazoezi ya asubuhi, Ayuma alimwambia mamake kwamba Jumamosi asubuhi ana kazi ya kundi shuleni, hivyo hatakwenda kumsaidia Kiamaiko.

Saa tatu, Mwalimu Mulama aliangaza macho ukumbini. "Kavinya yuko wapi? Ayuma, ulimwambia?"

"Nilimwambia, Mwalimu." Alisema hivyo akimtazama usoni.

Mwalimu alikunja uso. "Basi amechagua mwenyewe. Nani anayajua maneno ya mke wa jemadari?"

Mkono wa Amondi ulikuwa juu hata kabla swali halijaisha.

Ayuma alirudi nyumbani mchana akijiona mshindi. Alimkuta mamake ameketi kitandani, mkono wa kulia umefungwa kitambaa.

"Mama! Umefanyaje?"

"Sufuria iliniteleza asubuhi, supu ikaniunguza. Nilikuwa peke yangu, wateja wamejaa. Mungu si Athumani, Kavinya alikuwa ametumwa kununua supu. Aliponiona akavua sweta. Ameosha matumbo, amegawa supu, amekosha mabakuli mpaka saa saba. Nikamwambia, wacha mwanangu, utanuka kama mimi. Akacheka. Akasema, 'Mama Ayuma, harufu hii ndiyo inayomsomesha rafiki yangu.'" Mama akamkazia macho. "Rafiki yake ambaye siku hizi hamsemeshi. Ametoka hapa mbio kwenda mazoezi ya saa nane. Mbona wewe uko hapa?"

Hasira yote ambayo Ayuma aliilea wiki nzima iligeuka ikamrudia yeye mwenyewe, na ikawa kali kuliko mwanzo. Baada ya muda alisikia nyayo kwenye ngazi, kisha mlango wa jirani, kisha kilio cha Kavinya: "Nimekuta harusi, Mama! Hakuna mtu aliyeniambia!" Ayuma alikisikia chote kupitia ukutani. Hakutoka. Alikuwa na hasira, na alikuwa na hofu.

Jumatatu Kavinya hakuja shuleni, na Ayuma alimbana Amondi nyuma ya tangi la maji.

"Uliniongopea! Kavinya hakusema lolote!"

"Punguza sauti," alisema Amondi. "Nani aliyekuziba mdomo? Mimi nilikuwa na maneno tu. Wewe ndiye uliyemwambia Mwalimu, 'Nilimwambia.' Ukifungua mdomo utaanguka kwanza wewe. Nyamaza. Alhamisi si mbali."

Ayuma aliondoka kwa ghadhabu, hasa kwa kuwa yote hayo yalikuwa kweli.

Jioni hiyo walifanya onyesho la jemadari kurudi kutoka chumba cha mfalme. Ayuma aliingia, mikono imepakwa rangi nyekundu. Amondi akajiinua, akatabasamu, akasema maneno ya mke: "Unanitazamia nini? Mimi nilisema tu. Mikono ni yako."

Sasa ilikuwa zamu ya jemadari kujibu.

"Sisemi!" Ayuma alifoka. "Sisemi tena! Mwalimu, sikumwambia Kavinya! Amondi aliniletea uongo nikauamini, nikanyamaza makusudi, halafu nikakudanganya wewe!"

"Anasingizia, Mwalimu!" alilia Amondi. "Mimi sijafanya kitu!"

"Amondi, siku ya Ijumaa ulikuwa umeinama pale ukifunga kamba ya viatu visivyo na kamba," alisema Mwalimu Mulama. "Nilikuona, nikapuuza. Nami nilimhukumu Kavinya bila kumsikiliza. Hilo ni kosa langu, na nitamwomba radhi." Sauti yake ilipanda. "Wewe utarudi kwenye maneno yako manne, na kesho uje na mzazi wako ofisini. Ayuma, utaigiza Alhamisi kwa sababu wenzako hawana kosa. Baada ya hapo, muhula mzima ujao hutakanyaga chamani. Na sasa ujumbe ni ule ule: mwambie Kavinya mazoezi ni kesho saa kumi, na nafasi ni yake. Safari hii ufike."

Ayuma alifika nyumbani na mikono bado myekundu. Alimweleza mamake yote, hata lile neno la harufu. Mama alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, akasimama na kufungua mlango.

"Umemkasirikia Amondi?"

"Sana, Mama."

"Anastahili kukasirikiwa. Mchongezi ni mtu mbaya. Lakini nikuulize: kutoka hapa mpaka mlango wa Kavinya ni hatua ngapi?"

Ayuma alitazama. "Nne."

"Hatua nne! Siku saba umebeba hasira ngazi zote hizi, kupanda na kushuka, na hatua nne zikakushinda. Huyo jemadari wenu naye ni mjinga vivyo hivyo. Si alikuwa na miguu? Kwa nini hakwenda kumuuliza ndugu yake? Mwanangu, wa kuleta maneno hawatakwisha duniani. Ukiletewa neno, mwendee mwenyewe umuulize kabla hasira haijakutuma kazi. Hasira hasara. Haya, zitembee."

Ayuma alizitembea. Alibisha, na Kavinya akafungua, macho yamevimba, uso umefura.

"Kavinya, mazoezi ni kesho saa kumi. Nafasi ni yako. Niliambiwa Ijumaa nikuambie, nikakuficha. Niliambiwa unamdharau mama yangu."

"Ukaamini?"

"Nikaamini."

"Hukuniuliza hata mara moja, Ayuma! Mara moja tu!"

"Sikukuuliza," alisema Ayuma, na hakujitetea.

Kavinya alikuwa bado amekasirika. Kisha akaiona ile mikono myekundu, akasogea kando mlangoni.

"Ingia unawe," alisema. "Halafu utaniambia yote tangu mwanzo, na usiruke neno."