Chini ya Nyumba ya Wageni

Simiyu, jirani yangu hapa Lanham ughaibuni, huwatembeza watalii katika nyumba ya wageni ya kale kando ya mto. Huwasimulia habari za wenye nyumba watatu walioiendesha enzi nchi hii ilipotawaliwa na Mwingereza, wakiuza pombe na vitanda. Mchana mmoja, wakiwa katika chumba cha chini ya ardhi, mama mmoja alimuuliza, "Na huku chini alikaa nani?"

"Mapipa tu, mama."

Simiyu alijua watumwa walifungiwa humo, ila hakutaka kuwaharibia watu matembezi.

Walipoondoka aliteremka tena kuzima taa. Taa ilipozimika alisikia komeo likisukumwa kwa nje. Mlango ule hauna komeo.

"Nisameheni," alinong'ona.

Kisha akasikia, sakafuni kando yake, watu wengi wakijisogeza kumpa nafasi ya kukaa.