Ekari Mbili za Naeku

Wewe ukifika kwako, usalimie mkeo mlangoni, halafu waitike wanawake wawili, utaingia?

Meitamei aliingia. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Kitengela limekaa juu ya mabati, na tumbo lake lilikuwa linadai.

"Takwenya!" alisema, vile mwanaume wa Kimaasai husalimia mwanamke.

"Iko," akaitika Caroline kutoka jikoni.

"Iko," ikaitika sauti nyingine palepale jikoni, nzito, ya kikongwe.

Caroline aliganda na mwiko mkononi. Hakuwa na mgeni. Ile sauti ya pili ilimtoka kifuani, chini ya titi la kushoto, na mdomo wake ulikuwa umefungwa.

"Uko na nani?"

"Hakuna mtu."

"Nimesikia mtu, Caro."

"Ongea pole pole," alinong'ona, mkono juu ya tumbo lake la miezi minane. "Hata mimi nimemsikia."

Na tusidanganyane, walijitafutia. Naeku, mamake mdogo Meitamei, ndiye aliyemlea na kumsomesha. Alikuwa na binti mmoja tu wa kuzaa, na huyo alikufa mwaka wa tisini na sita akijifungua juu ya pickup ya mchanga, njiani kutafuta hospitali. Kwa hivyo alipoandika wosia, ng'ombe na nyumba alimwachia Meitamei. Ekari mbili za kando ya lami akawapa akina mama wa hapo, ijengwe zahanati ya kuzalia. Sadaka. Hakuomba hata jina lake liandikwe ukutani.

Alizikwa Machi 2003. By May, my friend, kila mtu Kitengela alikuwa anauza plot, na kijana akakumbuka ana degree. Wakili akalainishwa. Chifu akalainishwa. Wosia mpya, unaompa Meitamei hata zile ekari mbili auze, ukachapwa na Caroline mwenyewe, typist wa shule. Kilichokosekana ni dole gumba la marehemu, basi Caroline akachovya lake kwa wino, akabandika. Kisha Meitamei akaenda kula kiapo ofisini kwa chifu, na huko ndiko waliharibu kabisa. Mmaasai hamtaji maiti wake kwa jina. Mzee mmoja mlangoni alimwonya: "Kijana, usimwite." Nani, yeye? Msomi mzima? Alisoma kiapo kwa sauti, jina lile mara tatu, huku akicheka.

"Wacha ushamba, mzee. Hii ni mwaka gani?"

Basi aliitwa. Akaja.

Siku ya tatu tangu ile sauti iitike, nyumba ilianza kunuka kibuyu cha maziwa kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa oloirien, ule moshi mtamu wa manyatta, na kibuyu chenyewe hakikuwepo, kulikuwa na friji. Caroline alifua mapazia, akamwaga Jik sakafuni, akafungua madirisha yote, na harufu ikazidi kumfuata kutoka chumba hadi chumba, ikampanda kooni kila alipopumua, mpaka akaelewa, akiwa amesimama kwa kamba ya nguo mchana kweupe na majirani wakipiga gumzo ng'ambo ya ua, kwamba haikuwa inatoka nyumbani, ilikuwa inatoka kwake.

Wakamwita Roda, mkunga wa Tuala, mama wa maombi na mizizi pia. Roda aliweka sikio tumboni.

"Wewe ni nani?"

"Huyu alijifanya mimi," kifua cha Caroline kikajibu. "Sasa nimekaa kwake."

"Toka kwa jina la Yesu!"

"Nitoke niende wapi? Shamba langu limejaa mawe ya flats."

Roda akapapasa tumbo. "Na mtoto?"

"Nimemshika. Atazaliwa zahanati ikifunguliwa."

Roda alifunga mfuko wake. "Mimi nafukuza wale wanaingia kwa nguvu," alimnong'onezea Meitamei. "Huyu mlimwita, mkampa na kiti. Rudisheni shamba."

"Mama, hiyo deal imeshapita. Mnunuzi ameanza kujenga."

"Basi mwambie huyo mnunuzi akuzalie mtoto."

Mwezi wa tisa wa mimba ukaisha. Wa kumi. Wa kumi na moja. Nairobi madaktari walisikiliza moyo wa mtoto, mzima, unadunda. Wakamtundikia dripu ya uchungu, na uchungu ukaja, na kila ulipokaribia mwisho Caroline alihisi vidole vikavu, baridi, ndani yake, vinamshika mtoto kichwani taratibu, bila haraka, bila ukatili wowote, kama bibi anayemrudisha mjukuu kulala, vinampandisha juu, vinamkunja, na kikongwe akiimba kwa chini ndani ya mbavu zake mpaka uchungu ukafa. Walipotaka kumpasua, kisu kilivunjika mara mbili. Wakamwandikia aende nyumbani.

Mwezi wa kumi na mbili Caroline alibebwa kwa kiti hadi ofisi ya chifu. Walikuwa hapo wote watatu, chifu, wakili na Meitamei, chai mezani.

"Caro, twende nyumbani," Meitamei alinong'ona. "Unatuaibisha."

"Nyamaza." Ilikuwa sauti yake mwenyewe, na hakuinong'oneza. "Chifu, toa wosia wa kwanza pale ulipouficha. Wakili, andika hati kwa jina la akina mama, mbele yangu, sasa hivi. Na wewe Meita, shika nyundo uende ukabomoe ukuta wa flats, jiwe kwa jiwe, halafu ujenge zahanati kwa mikono yako. Sitaki pole, sitaki maombi. Toeni hilo shamba, nizae!"