Majoho Mafupi ya Pasaka

Nyumbani kwetu chumba cha mbele ndicho karakana. Mama yangu hushona. Jirani yetu, ambaye mtaa mzima humwita Mama Mkasi, hukata vitambaa. Mimi nikitoka shule hupima wateja. Mama husema ulimi wangu upumzike, mikono ifanye kazi.

Utepe wetu wa kupimia umekatika mwanzoni, unaanzia inchi ya tatu. Mama hataki kuutupa. Kwa hiyo mimi huandika namba ninayoiona, na Mama Mkasi hupunguza tatu kabla ya kukata. Tumezoea hivyo, na hatujawahi kukosea.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, kwaya ya kanisa letu ilituagiza majoho mapya kumi na manne. Mama alinituma mazoezini nikawapime wanakwaya urefu. "Usisahau utepe," alisema. Niliusahau. Badala ya kurudi nyumbani, niliazima utepe mzima wa mwalimu wa kwaya, nikapima, nikaandika. Sikumwambia mtu. Nilijiona mjanja kweli.

Jumatano kabla ya Ijumaa Kuu, wanakwaya walijaribu majoho. Yote yalikuwa mafupi! Mwimba besi wetu, mtu mrefu kama mlingoti, alijitazama akacheka. "Fundi, hili ni joho au shati?"

Mama hakucheka. Alimgeukia Mama Mkasi mbele ya kwaya nzima. "Inchi tatu kila joho, mara kumi na nne. Hicho kitambaa kimekwenda wapi?"

"Unaniita mwizi, shoga yangu?"

"Nimeuliza tu."

"Hukuuliza. Umesema." Mama Mkasi alifunga mkasi wake ndani ya kanga, akaondoka.

Nilielewa palepale. Yeye alipunguza tatu kama kawaida, kumbe namba zangu zilikuwa kamili. Nilifungua mdomo, nikaufunga tena. Niliogopa.

Siku ya Ijumaa Kuu kwaya ilikaa mafungu mawili, waliomwamini mama huku, waliomwamini Mama Mkasi kule. Waliimba kila fungu kwa mwendo wake, aibu tupu. Mchungaji alihubiri kuhusu Petro, aliyesema hamjui Bwana wake ili yeye asipate matatizo. Niliinamisha kichwa. Mimi nami nilikuwa nimemwacha mtu asiye na kosa abebe mzigo wangu.

Jumamosi asubuhi nilimkuta mama akiyatazama majoho bila kuyagusa.

"Mama, Mama Mkasi hajaiba. Ni mimi." Nikamweleza yote, huku nikilia.

Mama aliyakunja majoho. Nilingoja kofi, halikuja. "Vaa viatu," alisema. "Twende."

Tulimkuta Mama Mkasi akifagia uani. Mama hata hodi hakumaliza. "Shoga, nimekukosea. Nilikusema mbele ya watu, na leo nitajirudi mbele ya watu haohao. Mtoto alikosea kupima. Mimi nilikosea kukushuku, na kosa langu ni kubwa kuliko lake."

Nilipiga magoti nikaomba msamaha. Mama Mkasi aliegemea ufagio wake. Machozi yalimtoka. "Miaka yote hii tumekula sahani moja," alimwambia mama, "ukaniona mwizi kwa siku moja?"

Mama alimshika mkono.

Hatimaye Mama Mkasi alijifuta uso kwa kanga. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Vipande vilivyobaki nimevitunza kwenye mfuko chini ya meza yenu. Ungeinama tu, ungeviona."

Tulifanya kazi hadi alasiri. Mama Mkasi alikata vipande, mama aliviunga kwenye pindo, mimi nilipiga pasi. Kisha mazoezini mama alisimama mbele ya kwaya akasema kosa lake bila kujitetea. Nami nilisema langu. Mwimba besi ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Asubuhi ya Pasaka kwaya iliimba kwa sauti moja. Ukitazama kwa karibu uliona mshono kwenye kila pindo, lakini hakuna aliyejali. Nilikuwa na furaha hata nikasahau njaa.

Baada ya ibada nilimuuliza Mama Mkasi kama bado ana kinyongo nami.

"Mwanangu," alisema, "Bwana alipofufuka, aliwakuta rafiki zake waliomkimbia wamejifungia ndani kwa hofu. Hakuwauliza mlikuwa wapi. Aliwapa amani kwanza. Sisi tunaimba kwamba yu hai; tukikaa na vinyongo, nani atatuamini? Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaumia. Ukikosewa, samehe mapema, kabla moyo haujawa mgumu. Hiyo ndiyo Pasaka. Majoho ni nguo tu."

Kisha akamwita mama, na sote watatu tukarudi nyumbani tumeshikana mikono.