Ujumbe Uliosomwa Ukumbini

Duka la fotokopi lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, kila mtu na karatasi yake mkononi, mashine inanguruma na kutoa joto kama pasi. Mshonaji wa sare za shule alivaa gauni la bluu la vifungo, kalishona mwenyewe, na sindano mbili zimebaki kifuani kwa kusahau. Alikuja kutoa nakala ya hati yake ya talaka. Mwenye duka, kwa haraka zake, akampa karatasi za mtu mwingine.

"Dada, samahani!" Sauti ilimfuata mpaka nje. Alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe, kola imepigwa pasi upande mmoja tu. "Hii nadhani ni yako. Mimi ya namna hii nilishatoa nakala mwaka juzi."

Mshonaji aliona aibu, kisha akacheka, kicheko cha kwanza baada ya miezi mitatu.

"Kwa hiyo umesoma?"

"Kichwa cha habari tu. Mimi fundi miwani, macho yangu yanawahi."

"Basi yafumbe."

"Nikiyafumba nitakuonaje? Na hiyo miwani yako mkono umelegea. Niletee niukaze."

Akaipeleka kesho yake. Keshokutwa ikalegea tena. Mara ya nne fundi akaigeuza geuza, akatabasamu. "Bibie, hii skrubu mbona kama inalegezwa na mtu?"

"Nani, mimi?"

"Sijasema ni wewe. Iache ilegee tu."

Zikaanza simu. "Umekula, laazizi?"

"Laazizi wa tangu lini?"

"Tangu saa nne asubuhi. Nimelifikiria, nimeona linakukaa."

Sasa hapa, binti zangu, ndipo mwenzenu naanza kutetemeka. Maana mshonaji alikuwa na kitu hajamwambia fundi.

Alipoachika alikuwa halali usiku. Sketi moja aliifumua mara tatu. Akataka mtu wa kumshika mkono, na hilo si kosa, hata mimi ningetaka. Kosa ni alivyomchagua. Wewe unayenunua kitambaa unakivuta, unakiangalia kwa nyuma, unauliza kama kinachuja. Yeye, anayejua vitambaa kuliko mimi, aliona kwenye simu mwanamke wa suti nyekundu anapiga kelele, "Amka, malkia!" akajiandikisha. Hakuuliza amesomea nini. Hakuuliza siri inakaa wapi.

Mwanamke huyo, aliyejiita Kocha Malkia, alikuwa na kundi la simu la wanawake mia mbili, na sheria moja: ujumbe wowote wa mwanamume unabandikwa kundini, kocha anauchambua, anaandika jibu, wewe unalinakili na kumtumia.

Fundi akiandika "Nimekukumbuka," linakuja jibu: "Malkia hakumbukwi, malkia anastahiliwa."

"Mpenzi," fundi aliuliza siku moja kwenye simu, "mbona asubuhi unaongea kama wewe, jioni unaongea kama tangazo la redio?"

Mshonaji alicheka, akabadilisha mazungumzo.

Ijumaa moja fundi akaandika ujumbe mrefu. "Mke wangu alipoondoka niliendelea kuweka vikombe viwili mezani, miezi minane. Sijawahi kumwambia mtu. Nakuambia wewe kwa sababu nimechoka kuogopa."

Mshonaji alilia. Halafu, kwa mazoea, akaubandika kundini.

Jumamosi kocha aliwakusanya ukumbini, akausoma kwa kipaza sauti. "Vikombe viwili! Huyu mwanamume au mhudumu wa hoteli? Malkia, kimbia!" Ukumbi ukavunjika mbavu. Safu ya tatu alikaa mama mmoja aliyeletwa na mwenzake wa kazini, yeye hakucheka. Alikuwa dada mkubwa wa fundi. Vikombe vile aliwahi kuvikuta mezani kwa mdogo wake, akavinyamazia.

Jioni ile ile simu ya mshonaji ikaita.

"Mshonaji." Hakusema laazizi. "Yale maneno nilikupa wewe. Leo dada yangu kayasikia ukumbini."

"Nisikilize, mpenzi. Kocha alisema kila ujumbe..."

"Kocha amesema. Na wewe ulisema nini?"

Mshonaji akaanza tena, "Kocha..."

"Naona simjui mtu niliyekuwa nazungumza naye," fundi akasema taratibu. "Sikuchukii. Ila nina haya, hata kwa dada yangu." Akakata.

Mama yake mshonaji alimkuta anashona bila uzi, cherehani inatembea tu juu ya kitambaa. Akavuta kigoda.

"Mwanangu, jino likikuuma unakwenda wapi?"

"Kwa daktari wa meno."

"Huendi kwa kinyozi?"

"Kinyozi wa nini, mama?"

"Si ana kiti kinachozunguka na kioo kikubwa."

Mshonaji akacheka huku machozi yanamtoka, kisha akamsimulia yote.

Wiki ile wakaenda zahanati. Mshauri nasaha alikuwa mama wa sweta la kijivu, chumba kidogo, viti viwili. Mama mzazi akaombwa asubiri nje, mlango ukafungwa.

"Yanayosemwa humu hayatoki," alisema. "Mimi nimesomea majonzi, ya ndoa kuvunjika na mengine. Ukitaka mtu wa kukuza kazi yako, au wa mambo ya sheria, hao ni wengine, nitakuelekeza. Na majibu sitoi."

"Sasa unatoa nini?"

"Maswali. Na muda."

Mshonaji karibu anyanyuke aondoke. Alirudi kwa sababu usiku wa baada ya kikao kile alilala vizuri. Kikao cha tatu akaulizwa, "Ulipoubandika ule ujumbe, ulikuwa unaogopa nini?"

Mshonaji akajibu, "Kukosea tena. Niliona nikikosea kwa maneno ya kocha, kosa si langu."

Siku hiyo alijitoa kundini. Akaenda dukani kwa fundi.

"Sikuletei sababu," alisema mlangoni. "Siri yako niliitoa mimi, kwa kidole changu. Hata dada yako nimempigia nikamwomba radhi. Nisamehe. Na usiponisamehe, bado nilitaka uyasikie kwa mdomo wangu."

Fundi aliweka chini bisibisi. Alimtazama kwa muda mrefu, kama anayempima macho.

"Imeniuma, laazizi."

"Najua."

"Nami nimekukumbuka, na hilo nalo limeniuma." Akavuta stuli, akampangusia vumbi. "Nikuulize neno. Jibu usiende kuliuliza popote. Utaolewa na mimi?"

Mshonaji alikaa.

"Nakupenda," alisema. "Lakini bado. Talaka yangu sijamaliza kuililia. Nikimaliza nitakuja mwenyewe kukwambia, na sitachelewa."

Fundi akacheka mpaka akavua miwani.

"Nimekukatalia na unacheka?"

"Nani kakufundisha kusema hivyo?"

"Hakuna. Nimelitunga mwenyewe."

"Basi nitangoja," fundi akasema, akamshika mkono.